Kadi ya Pili

Bweni, Mafia
14 Januari 2024

Mwanangu Sufiani,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo ulizompa Zubery wa boti kanifikishia zote, marahaba, na marahaba tena. Sisi huku tunamshukuru Mungu, tunakula, tunalala, tunaamka. Kuku wangu wamekwisha kwa mdondo, kabaki jogoo mmoja, na huyo ndiye adui yako kama utakavyosikia. Mama yako anakusalimu sana. Macho ndiyo hivyo: lile la kulia lililokuwa bado linapata mwanga wa mlango nalo limefunga tangu mfungo sita. Hayalilii macho. Anachokililia ni barua zako, maana zikifika lazima angoje mie nitoke kwenye mwani ndiyo nimsomee, na siku nyingine nachelewa, namkuta kalala nayo kifuani.

Haya, la kazi. Sentensi zako elfu moja na mia mbili nimezimaliza. Memori kadi iko ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa kipande cha kanga isipotee, anakuletea Zubery mkononi. Nilisomea chumba cha ndani, godoro nimelisimamisha dirishani, na blanketi kichwani kama ulivyosema. Joto lake usiniulize. Nikifika katikati ya sentensi, jogoo anawika. Narudia. Anawika. Mama yako kule ukumbini anacheka mpaka anakohoa. Na hizo sentensi zenyewe ulizitoa wapi? “Treni imechelewa kufika stesheni.” Mwanangu, mie treni nimeiona kwenye kalenda. “Theluji imefunika paa la nyumba.” Nimesoma tu, kwa sababu ni wewe.

Lakini nina neno, na usilipite haraka. Wewe unaijua kazi yangu. Mwaka wa ishirini na mbili huu nawaalikia watu arusi zao na napeleka habari za misiba yao. Nafika mlangoni, napiga hodi tatu, siingii, sikai, nasema niliyotumwa, kisha nauliza, “Mmesikia?” Siondoki mpaka nijibiwe “Tumesikia.” Walio mbali, Kirongwe, Kilindoni, Jibondo, nawapigia simu, kwa maneno yaleyale. Hakuna aliyewahi kuniambia Mwamvita unasema uongo. Mtu ana chungu motoni, akinisikia anakiepua. Sasa sauti hiyo nimekupa wewe, kwa sababu umesema vipofu wasomewe simu zao, na kipofu wa kwanza ni dada yangu. Kwako ni amana. Usiitie kwenye haramu. Na uniambie: ikishaingia kwenye kompyuta, itakuwa ya nani?

Mama yako anasema ule vizuri.

Mama yako mdogo,
Mwamvita


Dar es Salaam
9 Februari 2024

Mama mdogo, shikamoo, na mama shikamoo.

Nimepokea kadi, na ile kanga nimeitandika juu ya kompyuta. Mimi mzima, nyumba ileile ya kupanga, na mwenye nyumba bado anazima maji akikasirika na mkewe. Mama mwambie nimepungua kidogo lakini si kwa njaa, ni kwa kukesha.

Uliuliza itakuwa ya nani. Itakuwa ya watu wote. Programu hii ni ya chanzo huria. Maana yake, maandishi yote niliyoyaandika, na sauti yako pamoja nayo, yako wazi mtandaoni. Mtu wa popote anachukua, anatumia, akiona kosa analirekebisha na kunirudishia. Kuna mmoja yuko Brazili, hatujaonana wala hatutaonana, kanirekebishia namna simu inavyotamka “ng'ombe.” Hakuomba kitu. Ndivyo tunavyofanya kazi sisi, kama watu wanaovuta nyavu za jirani kwa sababu tu wamepita pale.

Nimebishana sana na wenzangu kuhusu leseni. Ipo moja inayosema: ukichukua cha wazi, ulichoongeza nacho ukiweke wazi. Kampuni zinaikimbia hiyo. Ipo nyingine inayosema: chukua, tumia kwa kazi yoyote, uza ukitaka, ila taja ilikotoka. Nimechagua hii ya pili. Mama mdogo, kazi ambayo kampuni haziigusi hubaki mchezo wa vijana, na mimi nimeshafika thelathini na moja. Nataka iguswe.

Kuhusu haramu, ondoa shaka. Nani mwenye haja ya kuichukua sauti ya mama wa Bweni akaifanyie haramu? Nakuletea karatasi, utie saini penye alama ya msalaba wa kalamu. Ni utaratibu tu.

Na nina ombi. Ukisoma sentensi zangu unasoma kama mtoto mbele ya mwalimu. Ukialika, ndiyo sauti. Nirekodie maneno yako ya kualika, ya arusi na ya msiba, kadi ya pili. Hiyo siitoi. Ni ya kwangu, nijifunze inavyopanda na kushuka.

Sufiani


Bweni
2 Machi 2024

Mwanangu Sufiani,

Salamu za amani zikukute na afya. Shaabani inakwisha, tunajiandaa na mfungo, mihogo ipo, tui lipo, hatuna shida. Munira wa kwa Mansuri kachumbiwa, arusi Mungu akipenda mwezi wa tisa, na mualikaji ni mie. Nasma, huyu binti wa jirani unayemkumbuka kwa kuanguka mnazini, sasa ananifuata ninapozunguka, anajifunza kazi.

Sasa sikiliza. Zubery kaileta ile simu uliyomtengenezea mama yako. Tumeiweka juu ya rafu ya vikombe, kama ulivyosema, ijisomee yenyewe ujumbe ukiingia. Siku ya kwanza tulikaa tukaitazama, mie na yeye, yeye akiitazama kwa masikio. Ilipofika adhuhuri ikasema, kwa sauti yangu mie, na mie nimekaa pale nimefunga mdomo: “Ujumbe kutoka kwa Sufiani. Mama, shikamoo. Leo nimekula wali na samaki.” Wallahi nilishika kichwa. Mama yako kanishika goti, kauliza, “Umesema wewe?” Nikamwambia, “Si mie, ni mwanao.” Alilia, kisha akataka irudie. Imerudia mara sita. Jioni majirani walijaa. Bibi Safia akaiamkia.

Ustadhi Hafidhi, anayesomesha chuoni, aliniuliza, “Mwamvita, umeshauriana na nani?” Nikamwambia nimeshauriana na dada yangu asiyeona. Akasema Mungu aitie kheri.

Karatasi nimetia saini. Nilisoma pale panaposema “kwa kazi yoyote.” Moyo ulisita. Mama yako akasema, “Mtoto wetu huyo, tia.” Nikatia.

Kadi ya pili hiyo hapo. Nimeyasema yote kama niyasemavyo mlangoni: “Hodi. Hodi. Hodi. Mie Mwamvita binti Marijani. Sikuja kwa langu, nimetumwa.” Ya furaha na ya msiba. Hapo pa msiba nimesema “fulani” badala ya jina, maana jina la mtu hai halitamkwi hivyo. Na hii, Sufiani, si ya watu. Umeniahidi mwenyewe kwa mkono wako, barua ninayo.

Mwamvita


Dar es Salaam
28 Juni 2024

Mama mdogo, shikamoo. Shikamoo mama.

Samahani kwa Idi zote mbili. Kazi zimenibana mpaka hapa. Lakini habari ni njema.

Programu imependwa kuliko nilivyoota. Mtandaoni kwetu watu wakipenda kazi ya mtu wanaiwekea nyota, na yangu ina nyota elfu tisa. Wajerumani wameiandikia makala. Halafu kampuni moja ya hapa hapa mjini ikanipigia. Wanauza sauti: hospitali ikitaka kukumbusha wagonjwa, redio ikitaka tangazo, shirika likitaka kupigia wateja laki moja kwa saa moja, wanakuja kwao. Walikuwa wameshaichukua sauti yako wenyewe, bila kuniuliza, na leseni inawaruhusu. Wakasema, badala ya kukutazama kwa mbali, njoo ndani. Nimeingia. Nina meza, nina kiyoyozi, nina vijana watatu chini yangu: Taufiki, Warda na Ussi, huyo si mjomba Ussi wetu.

Ofisini wanakupenda. Wanaandika maneno, wewe unayasema. Jana Taufiki kaiweka kwenye spika kubwa: “Sufiani, umeoga wewe?” Ghorofa nzima ilicheka. Nikamwambia, angekuwa mwenyewe angeongeza kofi.

Mama mwambie nampelekea ujumbe kila Ijumaa. Sina muda wa barua ndefu kama zamani, na tena sasa ujumbe anausikia mwenyewe, haumpi shida.

Sufiani


Bweni
6 Oktoba 2024

Sufiani mwanangu,

Assalaam aleikum. Mama yako anakusalimu. Kakonda, kikohozi hakimtoki, zahanati wamempa dawa za chupa na za vidonge. Ujumbe wako wa Ijumaa anaungoja kuanzia Jumatano. Zimepita Ijumaa nne hujatuma, akaniambia nisikuambie. Nimekuambia.

Nina jambo na sijui nilianzie wapi. Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, mke wa Mansuri alinikuta kisimani akaniuliza, “Mwamvita, siku hizi unaalikia kamari?” Nikadhani mzaha. Akatoa simu, akasema imempigia asubuhi, na huku tunazungumza ikapiga tena. Akaiweka sikioni mwangu. Nikajisikia.

“Hodi. Hodi. Hodi. Sikuja kwa langu, nimetumwa. Bahati yako ya leo imeiva. Bonyeza moja uweke mkeka. Umesikia?”

Ndoo niliiacha palepale.

Sufiani, inapigia kila mtu. Wavuvi walioko dago Shungimbili, wenye kambi zao kule mchangani, inawapigia. Kilindoni vijana wa bodaboda wameifanya wimbo. Arusi ya Munira nilizunguka mlango kwa mlango, nikapiga hodi, na mlango wa tatu mtoto wa kike wa miaka saba akanijibu kutoka ndani, “Bonyeza moja!” Watu wazima wakacheka. Nikacheka nami, nifanyeje? Mlango wa tisa kijana wao katoka, kasema, “Shangazi, leo Simba wanachapwa ngapi?” Hapo sikucheka. Siku ya arusi Mansuri alipika pilau la watu mia mbili. Kirongwe nzima haikuja. Niliwapigia simu mwenyewe, wakakata wakidhani ni ile.

Ustadhi Hafidhi kaniita kwa adabu. Kasema, “Najua si wewe. Lakini kina mama wakikusikia kwenye dua mbele yao, baadhi wanatabasamu. Kaa nyuma kwanza, jambo litulie.” Nimekaa nyuma. Miaka yote naitikia dua mbele, sasa nakaa penye viatu.

Nalo hili ndilo linanikata. Juzi nimetoka pwani nikamsikia mama yako anazungumza. Nikasimama dirishani. Ile simu ya kamari ilikuwa imempigia, naye kaipokea, anaijibu: “Eee Mwamvita, umefika wapi? Njoo basi, mie peke yangu.” Nayo inamwambia bonyeza moja. “Nini mdogo wangu? Sijakusikia. Njoo karibu.” Aliizungumzisha mpaka ikakata. Kisha akakaa akaningoja.

Mwanangu, iondoe. Wewe ndiye uliyeitia. Na unijibu hili: yale maneno ya hodi yalikuwa kwenye kadi ya pili. Kadi ya pili kaitoa nani?

Mwamvita


Dar es Salaam
17 Novemba 2024

Mama mdogo, shikamoo.

Barua yako nimeisoma. Pole kwa maneno ya watu. Naomba nieleze kwa utulivu, usikasirike.

Kitu kikishatolewa kwa leseni ya chanzo huria hakirudishwi. Siwezi mimi, hawezi yeyote. Nakala ziko kwenye maelfu ya kompyuta. Hata nikifuta kwangu leo, kesho yupo mtu Ufini anayo. Huo ndio uzuri wake na ndiyo sababu watu wanaiamini: mwenyewe hawezi kugeuka akawanyang'anya. Wale wa kamari ni wateja kama wateja wengine. Walitimiza masharti. Chini kabisa ya tovuti yao wamelitaja jina lako.

Na lazima tuseme kweli. Mimi sikukuficha. Karatasi uliisoma, “kwa kazi yoyote,” ukatia saini. Nimeambatisha nakala, ni mkono wako.

Nakushauri ubadilishe kidogo namna unavyoalika. Usianze na hodi tatu, anza na mbili, au anza na jina la mtu. Watu watazoea. Kila kitu kipya huanza hivi, kisha watu wanazoea.

Mama mwambie ile simu ya kamari asiipokee.

Sufiani


Bweni
11 Januari 2025

Sufiani,

Assalaam aleikum. Barua yako ilifika mwezi wa kumi na mbili. Nimechelewa kujibu, nilikuwa nauguza.

Nakala ya saini yangu nimeiona. Ni yangu kweli. Ni ya kadi ya kwanza.

Nilikuuliza kadi ya pili kaitoa nani, umenijibu Ufini. Kadi ile niliifunga mie, aliibeba Zubery, uliipokea wewe. Hakuna wa nne. Sikuulizi tena.

Kazi yangu nimempa Nasma, azunguke yeye. Simu yangu nimemuuzia muuza maandazi, laini nimeitupa, nilichoka kupigiwa na vijana wanaotaka niseme “umesikia” wacheke. Mie sasa nanena na mama yako tu, na jogoo.

Mama yako hali si nzuri. Mapafu, wanasema. Kaacha kula. Kila gari likipita barabarani anasema, “Huyo Sufiani.” Toka Dar mpaka Nyamisati ni asubuhi moja, boti ni mchana mmoja. Njoo umuone. Usimletee kitu. Njoo.

Mwamvita


Dar es Salaam
20 Februari 2025

Mama mdogo, shikamoo.

Nimeumia kusikia mama anaumwa. Nitakuja Idi, hii si ahadi ya mdomoni, nimeshaomba likizo. Kwa sasa nampelekea simu mpya kwa mkono wa Zubery. Ina toleo jipya tulilolimaliza wiki iliyopita. Sauti yako sasa inajua kucheka na inajua kulia. Watu wa nje hawaamini kwamba si mtu. Nikimtumia ujumbe wa furaha itamsomea kwa furaha. Atafarijika.

Kuhusu kadi. Mama mdogo, bila yale maneno sauti ilikuwa kama ya stesheni. Mteja alisikia sampuli moja tu akasema, hii hii. Cheo nimekipata kwa hiyo. Nilitaka kukuambia ana kwa ana. Ujue pia kwamba ile ya msiba sikuiuza, niliuza ya furaha tu. Naomba uliangalie na hilo.

Usinifikirie vibaya, na mimi inanipata. Wiki hii Taufiki na Warda wamenipigia kwa namba ngeni, wakaiweka sauti yako inalia: “Sufiani, chumba chako kinaungua!” Nilitoka mbio na kandambili mpaka kituoni. Ofisi nzima ilikuwa dirishani. Wamefanya mara tatu kwa mtindo tofauti. Sasa nimeapa, ikinipigia kwa namba nisiyoijua nakata.

Mama mbusu mkono.

Sufiani


Bweni
20 Aprili 2025

Sufiani bin Mansabu,

Assalaam aleikum. Nimekusalimu kwa kuwa salamu ni wajibu.

Idi hukuja. Mama yako alivaa lile gauni la zambarau tangu asubuhi, akakaa barazani mpaka magharibi. Siku ya pili alilivaa tena. Siku ya tatu nikalifua.

Jumatano tarehe tisa, baada ya sala ya alfajiri, aliniambia nimgeuze aelekee kibla. Nikamgeuza. Akaniambia, “Sema nawe kidogo, nisikie kama ni wewe.” Nikamsomea Yasini. Sikuifikisha mwisho.

Nikamtuma Nasma azunguke Bweni, akaniachia simu yake. Mie nikashika simu, maana walio mbali nilikuwa nawapigia mie siku zote, na huyu alikuwa dada yangu. Nilimpigia Ussi, kaka yetu, Kilindoni. Nikasema hodi tatu, nikasema nimetumwa. Akakata. Nikapiga tena, nikaanza na jina lake kama ulivyonishauri. Akasema, “Wanajua na majina sasa, laana ziwashukie,” akakata. Kirongwe wamekata. Jibondo mtoto kapokea, kawaita wenzake wasikilize, wakacheka wote. Watu kumi na saba nimewapigia. Ndugu yake wa tumbo moja kasikia msiba siku ileile akadhani ni kamari, akaenda zake sokoni. Amejua keshoye asubuhi, kaja analia njia nzima, kakuta tuta.

Kisha nikakupigia wewe.

Ulipokea. Nikasema, “Sufiani, mwanangu, ni mie. Mama yako katutoka.” Nilikuwa nalia, sikukusudia kulia. Ukasema, “Hii ya leo kali. Taufiki, hongera.” Ukakata. Nikapiga mara ya pili. Ukasema, “Acheni utoto, nipo kwenye kikao.” Mara ya tatu hukupokea.

Nikaiweka simu chini nikaenda kumuosha mama yako. Tulikuwa mie, Bibi Safia na Nasma aliyekwisharudi. Tumefika upande wa kulia, mie nimeshika kata ya maji, na kwenye rafu ya vikombe ile simu mpya ikasema. Kwa sauti yangu. Kwa kicheko, maana uliniambia inajua kucheka.

“Ujumbe kutoka kwa Sufiani. Mama, shikamoo. Wahuni wa ofisini wametumia sauti ya mama mdogo wakanipigia eti umefariki. Nimecheka sana. Usishtuke na wewe wakikupigia. Ule, upumzike. Nakuja mwezi ujao.”

Bibi Safia kakaa chini. Nasma akaifuata simu, akasema, “Mama, nimjibu. Nimwandikie sasa hivi. Ataiwahi boti ya kesho, tumngoje mpaka kesho.” Na ni kweli, tungeweza kungoja. Kwa msiba wa nyuma mjomba wako mwingine alingojewa siku mbili kutoka Tanga.

Nikamwambia, “Weka hapo. Shika kata.”

Hilo nimelifanya mie, kwa akili yangu, na mkono wangu juu ya bega la dada yangu. Mungu ataniuliza. Usiku na mchana naomba msamaha wake. Wako siombi. Tumemzika alasiri ileile. Jeneza limebebwa na wanaume wa Bweni walioonana na Nasma uso kwa uso. Wa mbali hakuna hata mmoja. Alipotakiwa wa kumshusha kaburini, Ustadhi aliuliza, “Mwanawe yuko wapi?” Nikasema hakupatikana. Kashushwa na Mansuri na Zubery.

Ussi, Zubery na Nasma nimewaapisha wasikuambie mpaka barua hii ifike. Siku kumi na moja umelala, umekula, umechekeshwa, na mama yako yuko chini. Ujumbe wako wa Ijumaa ulikuja kama kawaida. Umesomeka chumbani hakuna mtu, nimeusikia nikiwa uani nachambua mchele. Ulisema mvua imenyesha Dar.

Simu naikurudishia kwa Zubery, iko ndani ya kipande kingine cha kanga ile. Kadi ya pili nayo ukiwa unayo, baki nayo. Arubaini yake ni Jumapili, tarehe kumi na nane mwezi wa tano. Watasoma watakaoalikwa, na anayealika sasa ni Nasma. Jina lako sikumpa.

Imebaki kazi moja niliyoianza tarehe tisa, sikuimaliza, na sijawahi kuacha kazi nusu. Hodi. Hodi. Hodi. Mie Mwamvita binti Marijani. Sikuja kwa langu, nimetumwa. Somoe binti Marijani, mama yako, katutangulia. Amezikwa Bweni, Jumatano, alasiri.

Umesikia?

Kwa wengine husimama mlangoni mpaka nijibiwe. Kwako sisimami.

Mwamvita